Maji Yapitayo Shambani Mwetu ni ya Nani?



Mwezi huu twaomba tuzungumze juu ya jambo lililo karibu nasi sana, hata twaweza kulisikia likipita tukiwa tumekaa kanisani: maji ya mfereji. Wengi wetu tumezaliwa hapa Usangu, chini ya milima. Tumelelewa kwa wali, tumesomeshwa kwa mpunga, na kwa mpunga huo huo tumewasomesha watoto wetu. Kwa hiyo hatuna haja ya kuambiwa thamani ya maji. Lakini kujua thamani ya kitu si sawa na kujua kitu hicho ni cha nani. Mkulima anapofika kwenye banio alfajiri, jembe begani, akaona maji yanapita mbele yake, moyo humwambia upesi: haya ni yangu. Je, moyo husema kweli?

Yafaa tuanze na kisa kilichotupata sisi wenyewe. Mwaka 1996 tulikuwa tukifundisha jiografia katika chuo cha ualimu. Siku moja tulichora ubaoni ramani ya mito ya kusini, tukawakumbusha wanachuo kanuni ambayo kila mwalimu wa somo hilo aijua: mto wa kudumu huchorwa kwa mstari usiokatika, na mto wa msimu huchorwa kwa vipande vipande. Ruaha Mkuu tuliuchora kwa mstari mzima, kama tulivyofundishwa sisi. Kijana mmoja, ambaye kwao ni katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, akasimama kwa adabu akasema, "Samahani, Mwalimu. Kule kwetu mstari huo hukatika. Mwezi wa kumi twavuka kwa miguu, ni mchanga mtupu." Darasa likacheka. Sisi hatukucheka, lakini pia hatukuufuta mstari. Tulimjibu ya kuwa labda ulikuwa mwaka wa ukame, tukaendelea na somo.

Yule kijana alisema kweli, na mwalimu wake ndiye aliyekosa. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, ambao kwa kawaida ulitiririka mwaka mzima, ulianza kukatika kila kiangazi ndani ya hifadhi; mwanzoni kwa majuma machache, na baadaye kwa miezi. Viboko husongamana katika madimbwi ya tope yaliyosalia, na samaki hufa. Jambo hilo halikutokea siku moja kwa kishindo. Lilikuja polepole, na ndiyo sababu sisi tuliokaa mbali nalo hatukuliamini.

Ili tuelewe lilivyotokea, hebu tuyafuate maji yenyewe. Kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, na kutoka nyanda za juu za Mufindi, hushuka mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingine, pamoja na Ruaha wenyewe, ikaingia katika uwanda wetu. Maji yanayosalia baada ya mifereji yetu hukusanyika Ihefu, kile kinamasi kikubwa ambacho wataalamu siku hizi hukiita ardhi oevu. Ihefu ni kama bakuli. Mwisho wake, mahali paitwapo Ng'iriama, pana kizingiti cha mwamba. Maji ya bakuli yakiwa juu ya kizingiti hicho, Ruaha Mkuu hutiririka kuingia hifadhini, kisha hufika Mtera, kisha Kidatu, mpaka uungane na Rufiji. Yakishuka chini ya kizingiti, hata kwa upana wa kiganja tu, mto hukoma. Mtu akisimama Ihefu ataona maji bado yapo, ndege wapo, kambare wamo. Lakini ng'ambo ya mwamba hakuna kitu.

Twamwomba msomaji akikumbuke kizingiti hicho, maana tutakirudia.

Kwa muda mrefu swali lililoulizwa sana lilikuwa hili: nani amekausha mto? Wakulima walisema ni wafugaji na ng'ombe wao. Wafugaji walisema ni wakulima na mifereji yao. Watu wa mjini, walipokaa gizani kwa mgawo wa umeme, walisema ni watu wa Usangu wote, kwa kuwa mabwawa ya Mtera na Kidatu hutegemea mto huu. Wako wataalamu waliojibu kwamba hata namna maji ya Mtera yalivyofunguliwa ilikuwa na sehemu yake katika giza lile. Basi kila mtu alikuwa na mtu wa kumnyoshea kidole.

Wachunguzi waliofanya kazi hapa Usangu kati ya mwaka 1998 na 2001 walionyesha kwamba sababu kubwa haikuwa ng'ombe. Sababu kubwa ilikuwa maji yanayochepushwa na mifereji wakati wa kiangazi, baada ya mpunga kuvunwa, wakati mito imekwisha pungua. Tena maji hayo mengi hayakuwa yakilisha mtu. Yalikuwa yakipita katika majaruba matupu, yakipotea ardhini na juani, kwa sababu tu banio halikufungwa. Juu ya hayo, mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao. Walisafiri mbali, hata kusini mwa nchi, na wengi walipoteza ng'ombe njiani. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaongezwa katika Hifadhi ya Ruaha, na mabishano ya mipaka na wanavijiji yakaendelea kwa miaka mingi. Wafugaji walikwenda, lakini mto ulizidi kukatika.

Hapa pana jambo zito, ndugu zetu, nasi tusilipite haraka. Watu walibebeshwa mzigo ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa wetu. Walio wengi kati yetu hatukusema neno. Wengine tulifurahi, maana mashamba yetu yalipumzika na kwato. Kama kulinda ziwa au kinamasi ni wajibu, basi wajibu huo hauwezi kutimizwa kwa kumtafuta aliye mnyonge na kumtoa njiani, huku mwenye banio akiendelea kulala usingizi. Kulinda maji bila haki ni kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Sasa turudi kwa swali letu. Wako wasemao: "Mfereji wangu ni mdogo. Nikiufunga mimi peke yangu, mto hautajaa." Hoja hii ina nguvu, kwa sababu ni kweli. Hakuna mtu mmoja kati yetu aliyekausha Ruaha Mkuu. Hata yale mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga, yenye hekta kama 3,000 kila moja, hayakuukausha peke yake. Lakini tukikumbuka kile kizingiti cha Ng'iriama, tutaona udhaifu wa hoja hii. Kama kila aliye chini angepungukiwa kidogo kwa kadiri tulivyochukua kidogo, tungeweza kusema madhara yetu ni madogo. Sivyo ilivyo. Maji yakiwa juu ya mwamba, watu wa chini wana mto. Yakiwa chini ya mwamba, hawana. Na hakuna ajuaye kiganja cha mwisho kilitoka katika mfereji wa nani. Wazee husema haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukimaliza. Aliyechota haba yake hawezi kusema hakukigusa kibaba.

Wako wengine wasemao: "Njaa ya mtoto ni kubwa kuliko kiu ya kiboko." Huyu nasi twamheshimu, wala hatutamjibu kwa mzaha. Kama ingekuwa kweli lazima tuchague kati ya mtoto na kiboko, sisi tungemchagua mtoto, na hatudhani Mwenyezi Mungu angetukemea. Lakini tuseme kweli mbele yake. Maji ya mwezi wa Februari, mpunga ukiwa kifuani, ni chakula cha mtoto. Maji ya mwezi wa Septemba, yanayopita katika jaruba lililokwisha vunwa, ni chakula cha nani? Tena kule chini hakuna viboko peke yao. Wako wavuvi wa Mtera, wako akina mama wenye ndoo, na mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lilianza kuzalisha umeme ambao huwasha taa hospitalini na viwandani. Sisi hatuwaoni, nao hawatuoni. Je, mtu huacha kuwa jirani kwa sababu yuko nyuma ya mlima?

Twakumbuka yule mwanasheria aliyemwuliza Bwana wetu jirani yake ni nani. Aliuliza akitaka kupunguza hesabu, ajue wapi wajibu wake unaishia. Akajibiwa kwa habari ya mtu aliyekutwa njiani. Katika habari ile jirani alikuwa yule ambaye njia ilimpeleka mpaka kwake. Sisi hatuhitaji hata kusafiri. Mto ndiyo njia, nao huwafikia jirani zetu kila siku, ukiwa na kitu au ukiwa mtupu. Nabii Ezekieli naye, katika sura ya 34, asimulia juu ya kondoo wanene wanaokunywa maji safi, kisha wakayachafua yaliyobaki kwa miguu yao, na wenzao wakalazimika kunywa matope. Nabii hawalaumu kwa kunywa. Awalaumu kwa kutowafikiria watakaokunywa baada yao.

Hoja ya tatu ni hii: "Hayo ni ya Serikali." Ni kweli Serikali ina sehemu yake. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji ni mali ya umma, na anayechepusha mto yampasa awe na kibali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, alitangaza azma ya kuufanya Ruaha Mkuu utiririke mwaka mzima ifikapo mwaka 2010. Azma ilikuwa njema. Mwaka 2010 ulifika, ukapita, na mto bado ulikatika. Sheria hutungwa Dodoma mchana. Banio hufunguliwa Usangu usiku. Hakuna askari awezaye kulinda kila banio, wala hatungependa kuishi katika nchi ya namna hiyo. Palipo na giza na mtu mmoja mwenye jembe, sheria iliyobaki ni dhamiri tu.

Juu ya giza hilo hatusemi kwa kusikia. Baada ya kustaafu tulilima nusu eka ya vitunguu, na kiangazi kimoja majani yakaanza kuwa manjano. Zamu yetu ilikuwa bado siku mbili. Usiku tulikwenda tukafungua, tukajiambia ya kuwa ni kwa saa moja tu. Tukarudi nyumbani, usingizi ukatuchukua, maji yakaenda mpaka asubuhi. Zamu ile ilikuwa ya mama mmoja mwenye shamba mwisho wa mfereji. Alikuja asubuhi. Tulijitayarisha kwa ugomvi, tukawa na majibu tayari. Yeye akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Tukaitikia marahaba. Akauliza, "Maji yaliwatosha?" Hakuwa akifanya dhihaka, alitaka kujua kama tumemaliza, ili naye ajue la kufanya. Majibu yetu yote yakatuishia. Vitunguu vyetu vilipona. Vyake, robo tatu vilikauka. Tulimlipa baadaye, akapokea kwa shukrani, jambo ambalo lilituumiza zaidi.

Siku ile tulielewa jambo ambalo hatukulielewa katika miaka yote ya kufundisha. Sisi kwa mama yule tulikuwa kama Usangu kwa watu wa Ruaha. Tofauti ilikuwa moja tu: yeye aliweza kutembea mpaka mlangoni petu na kutuamkia. Watu wa chini ya Ng'iriama hawawezi kufika. Kama wangefika, wakabisha hodi, wakatuuliza kwa upole kama maji yametutosha, tungewajibu nini?

Basi jibu letu kwa swali la juu ni hili. Maji yapitayo shambani mwetu si yetu, wala si ya mtu aliye chini peke yake. Ni maji yaliyo safarini, nasi tuna haki ya mgeni aliyealikwa mezani pamoja na wengine: kula ashibe, na kuacha sahani ipite. Kinachotupa haki ni haja yetu ya kweli. Kukaa juu ya mto hakutupi haki ya zaidi; hutupa nafasi ya kuanza tu, na anayeanza kupakua ndiye apaswaye kuwa mwangalifu kuliko wote.

Lakini maneno mazuri hayajawahi kufunga banio. Kwa hiyo tuseme juu ya shamba letu la kanisa. Sote twajua ya kuwa bustani ya vitunguu ya kiangazi ndiyo iliyonunua mabati ya ofisi ya kasisi, na ndiyo tunayoitegemea kwa darasa la watoto. Sote twajua pia ya kuwa kwa ajili ya bustani hiyo mfereji wetu huachwa wazi tangu mwezi wa saba mpaka mvua zinyeshe. Tena kuna jambo gumu ndani yake: nyumba zilizo kando ya mfereji huchota humo maji ya kunywa na ya kupikia. Mfereji mzima hutiririka mchana na usiku ili ndoo chache zijae. Ukifungwa leo, mwenye bustani atapoteza fedha, lakini mama mwenye ndoo atapoteza maji. Kumwambia huyo afunge, bila kumpa mahali pengine pa kuchota, ni kurudia lile walilotendewa wafugaji.

Kwa sababu hiyo twatoa mashauri matatu kwa baraza la kanisa na kwa waumini wote.

Kwanza, mapato ya vitunguu vya mwaka huu yasiende kwenye darasa, bali yawe mchango wa kwanza wa kuchimba kisima cha pampu kwa ajili ya nyumba za kando ya mfereji. Twajua watoto watasoma chini ya mwembe mwaka mwingine mmoja, na mvua ikinyesha watarudi nyumbani mapema. Hiyo ndiyo gharama, nasi hatuifichi.

Pili, kisima kikiisha kuchimbwa, kanisa liwe la kwanza kufunga banio lake mara mpunga unapovunwa, kabla ya kumhubiria mtu mwingine yeyote. Mwenye mashamba mengi atangulie, mwenye robo eka afuate. Kisha twende kwa jumuiya ya watumia maji tukaseme tulilolifanya, si tunalotaka wengine wafanye.

Tatu, katika kamati ya zamu wawemo daima watu wa mwisho wa mfereji, hasa akina mama. Aliye juu huona maji yakipita na hudhani yapo ya kutosha. Aliye chini ndiye ajuaye.

Wako watakaosema ya kuwa mfereji mmoja wa kanisa moja hautaufikisha Ruaha Mkuu hifadhini mwezi wa kumi. Ni kweli, hautaufikisha. Hatufanyi hivi kwa kuwa tuna hakika ya kuuona mto ukijaa. Twafanya kwa kuwa tumekwisha jua, na mtu aliyekwisha jua hana tena ruhusa ya yule asiyejua. Mwaka 1996 tuliambiwa na mwanafunzi wetu mbele ya darasa zima, tukauacha mstari ubaoni kama ulivyokuwa, kwa kuwa kuufuta kungetuaibisha. Tusifanye hivyo mara ya pili.

Baraza litakapokutana, jambo hili liletwe mezani. Wenye mawazo mengine wasikae kimya, bali waandike katika jarida hili hili, nasi tutayasoma kwa heshima.